Nyayo Zilizogeuka

Fomu yenu, ukurasa wa sita, inauliza:
Fedha za utafiti zilizaa ubunifu gani?
Mmeacha mistari minne. Mimi, Effie Gillis,
mpishi wa zamani wa kantini ya mgodi uliofungwa,
mshika funguo za ghala la chakula chini ya kanisa
hapa Glace Bay, naomba radhi: nitapitiliza.

Kwanza, sikumtaka.
Tuliomba viazi, mkatuletea msichana.
Jincy, mwanafunzi kutoka Kerala, koti jepesi, daftari la kijani,
na mshahara wa miezi tisa ambao, niliupigia hesabu usiku,
ungejaza rafu zetu hadi darini.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga;
hawakusema mwenyeji hununa kwanza.
Nilimpa kiti kibovu. Akakikalia.
Nikamwambia njaa haihitaji kuhesabiwa.
Akaliandika na hilo.

Januari ikaja na theluji ya magotini.
Sisi tulishika mabeleshi, kama kawaida.
Yeye akaziba mlango kwa mikono: "Msifagie bado."
Alikuwa hajawahi kuona ardhi inayoandika.

Akainama, akasoma:
watu kumi na tisa wamefika ngazini.
Thelathini na mmoja wamefika kwenye nguzo ya taa,
wakasimama (theluji pale ilikanyagwa hadi ikawa barafu)
wakageuka.
Kati yao mtoto, wayo wake mdogo kama skonzi.

Miaka ishirini na miwili
nimeifagia habari hiyo kila asubuhi,
na chumvi nikaimwagia.

Aliwatafuta polepole, kwa chai, bila kuwahukumu.
Wakamwambia: mlango wenu unatazamana na kiwanda cha samaki.
Mnyapara huegesha gari pale.
Mwalimu wa mwanangu hupita pale.
Afadhali tumbo lilalamike kuliko jina.

Basi ubunifu wenyewe ni huu:
tulifungua mlango wa nyuma.
Bawaba mbili, balbu moja, dola kumi na nane.

Mweka hazina wetu, Angus Dan, alicheka hadi akakohoa:
"Maelfu yote yale, kununua mlango tuliokuwa nao?"
Hatukuwa nao, Angus.
Tulikuwa na ukuta wenye kitasa.

Sitawapamba. Wazo lake la pili, la kutuma ujumbe wa simu,
lilikufa mapema; nusu ya watu wetu simu zao zimekatwa.
La tatu bado tunaligombania kila Jumanne.
Na Julai fedha zenu zilipokoma, naye akaenda.
Daftari limebaki rafuni, kati ya sukari na dengu.
Sina jicho lake. Najifunza,
kama mtu anayejifunza kusoma uzeeni:
kwa kidole, kwa sauti, kwa haya kidogo.

Jana usiku theluji imeanguka tena.
Alfajiri, kabla ya beleshi, nilitoka na tochi
na magoti yangu haya yenye kutu,
nikaingia uchochoroni:
watu arobaini na wanne wamepita hadi ndani.
Mmoja amefika nusu ya njia, akasimama.
Nyayo zake hazisemi kwa nini.

Kwa hiyo mnapouliza kama mradi umekamilika
nimeacha kisanduku kitupu.
Leteni mwingine.
Kiti nimeshakitengeneza.