Viazi Vilichipua Januari

Mama Maimu hasemi kwamba sakafu ni baridi.
Ananishusha ngazi hadi ghala la chini,
anafunua gunia:
viazi vimechipua. Januari!
Nje nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
theluji ya Võru imegusa kitasa cha mlango.
"Waona? Vyenyewe vinaota moto kunishinda mimi."

Namulika tochi juu.
Mabomba yamepigiliwa kwenye maboriti, makavu,
hayana bati la kuyakumbatia,
wala sufu ya kuzuia joto lisishuke.
Kazi ya Endel, marehemu mumewe, mwaka wa tisini na nne.
Ili ubao wa juu upate uvuguvugu tu
maji sharti yatoke na nyuzi sitini,
na mita ya umeme inakimbia kama imeitwa.

Namweleza, nimekalia ndoo.
Kuna zege: ukilizika bomba humo,
maji ya thelathini na tano yanatosha.
Huchelewa kupata moto, nusu siku nzima,
ila likishapata halisahau upesi.
Mradi chini yake utandike povu gumu, nene,
la sivyo utawalipia fuko bili yao.
Lakini nyumba hii ni ya magogo;
zege litaivunja mgongo.
Basi bati la alumini, jembamba, lenye mfereji,
bomba likalala ndani kama mtoto mbelekoni.
Nyuzi arobaini, hazizidi.

"Na hii ya Endel?"

Moto wa mabua, nilitaka kusema,
tena mabua yenyewe ya bei ghali.
Nikasema: "Yalifanya yalichoweza."

Siku ya tatu, boriti ya mwisho,
chini ya dirisha la jikoni,
nikakuta maandishi ya penseli:
*Maimu, miguu.* Na mshale.
Bomba limezunguka mara nne
pale ambapo fundi yeyote angelipitisha mara mbili,
palepale anaposimama kuosha vyombo.

Sikuwa na safu ya kuliandika hilo
kwenye karatasi yangu ya hesabu.

Nikaweka bati kote, sufu kote.
Kona ile nikaiachia mizunguko yake minne,
nikaivika bati, nikafunga.
Sikumwambia. Labda alijua zamani.

Sasa mashine inanong'ona huko nje,
viazi vimerudi usingizini,
na Mama Maimu, peku,
anaosha kikombe kimoja
muda mrefu.