Ruhusa ya Kufuta

Waraka ulitoka Ottawa Jumatatu, kurasa mbili tu,
jambo ambalo peke yake lilitushtua:
kanuni za ndani zisizo na kazi zifutwe kabla ya Machi.
Si za wakulima, si za meli,
zile zetu wenyewe, za kubanana sisi kwa sisi
hapa ghorofa ya tatu, Ofisi ya Ukaguzi wa Ngano, Thunder Bay.

Nikapewa kalamu nyekundu na jalada zito kama mtoto wa miezi sita.
"Una ruhusa ya kufuta," akasema Bi. Pelletier.
"Huna ruhusa ya kuongeza. Hata nukta."

Nje ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
Maghala yamesimama kama watu waliosahau walichofuata.
Nikaanza.

Kanuni ya 4: utepe wa taipureta ukiisha,
kipande chake cha mwisho kiambatishwe kwenye ombi la utepe mpya.
Futa.
Ya 9: rangi ya soksi za makarani wa kike.
Futa, kisha pitisha kalamu tena.
Ya 17: dirisha lisifunguliwe bila idhini ya Msimamizi wa Madirisha,
cheo kilichozikwa na mwenyewe mwaka wa sabini na mbili,
ndiyo maana kila Julai tunachemka humu kama viazi.
Ya 22: namna ya kuomba nakala ya kanuni ya 23.
Ya 23 haimo.

Rautio akapita na kikombe chake, akachungulia.
Miaka thelathini na minne humu, amezihifadhi kama juzuu amma.
Nilipofuta ile ya vikombe (visiwe na picha, visikose mkono)
akacheka, kisha akanyamaza,
akasema ile aliitunga yeye, ujanani, akitafuta cheo.
Sikujua nimpe pole au hongera.

Saa kumi na moja, giza limeshaingia,
nikafika kwenye ya 31.

Hii twajuana.
Novemba ile simu ililia kutoka Muheza: mama mkubwa hatunaye.
Mimi nilimwita Mama. Aliuza machungwa hadi nikapata tiketi;
alinichapa kwa mwiko, akalia yeye.
Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja: anti.
Humo wamelazwa shangazi, mama mdogo, mama mkubwa, mke wa mjomba,
wageni wasiojuana, kitanda kimoja.
Nikakikata, nikaandika mama.
Jibu likarudi kwa adabu zote:
kwa mujibu wa faili, mama yako alifariki mwaka 1991.
Siku moja.
Kwenda Muheza, kuzika, kurudi: siku moja.
Nilikaa matanga peke yangu, chumba cha sampuli,
mimi na vimfuko vya ngano ya daraja la pili.

Sasa imo mkononi mwangu.
*Mtumishi akifiwa na mzazi aliyemzaa atapewa siku tano;
akifiwa na anti au mjomba, siku moja.*

Nikainua kalamu niifyeke yote, kwa hasira niliyoitunza vizuri.
Nikamkumbuka Oksana wa maabara, baba yake amelazwa tangu Krismasi.
Nikiifyeka, kesho ataomba kwa neno lipi?
Paa linavuja, lakini ni paa, na nje ni hasi ishirini na nane.

Nikafuta *na mzazi aliyemzaa*.
Nikafuta mstari wa pili wote, anti na mjomba na siku yao moja.
Ikabaki ile nukta-mkato imening'inia.
Nikaufuta mkato.
Nukta ilikuwapo tangu zamani, sikuiweka mimi.

*Mtumishi akifiwa atapewa siku tano.*

Asubuhi Bi. Pelletier akasoma, akavua miwani.
"Akifiwa na nani?"
"Haisemi."
Rautio, mlangoni, akauliza kama mbwa naye anahesabika.
Hakuna aliyemjibu.
Bi. Pelletier alitazama barafu kitambo,
kisha akaanza kupapasa mezani, akitafuta kalamu yake,
ile ya bluu.