Goti Lililopewa Jina

Daktari alisema: ni chuma na plastiki,
halina damu, halitajipigania.
Nikarudi Fort Portal, nikaliita kwa empaako
kama tunavyomwita kichanga: Apuuli.
Kisicho na jina, nani atakichunga?

Kijidudu hakibishi hodi.
Huingia kwa mwiba wa shamba la chai,
kwa kidole kilichopasuka,
kwa jino bovu nililolizoea miaka minane.
Juzi nilimwambia mng'oa meno, koleo mkononi:
"Ngoja. Hapa gotini nina mgeni."
Akacheka. Kisha akaliona kovu,
akaweka koleo chini, akampigia daktari wangu.

Jirani yangu Kabahuma ananiona mwoga:
"Kisigino kimekwaruzika tu, unachemsha maji?"
Nachemsha.
Naosha, nafunika, natazama asubuhi na jioni
kama pamevimba, kama wekundu unapanda.
Homa ikija sitaisingizia malaria
kabla hawajaliangalia goti.

Usiku mvua ya Rwenzori ikipiga mabati
nalipapasa. Halina joto. Shwari.
Apuuli, umeshindaje?
Kimya.
Ndiyo salamu pekee nisiyoitakia jibu.