Kaimati Kavu

Mwaka ule Kwaresma iliingia ndani ya Ramadhani
na nyumba yetu ya Majengo, vyumba sita, ua mmoja,
ikafunga karibu yote.
Asiyefunga ni mjomba Shee Fumo, mgonjwa wa sukari,
akila mkate wake nyuma ya pipa la maji, kwa haya,
nasi tukijifanya hatumsikii akikohoa.

Mama Mbeyu wa chumba cha nne
alikuwa ameacha kila kitamu hadi Pasaka.
Mama hakumuuliza kwa nini.
Kabla ya kumimina shira
alitenga kaimati saba katika sahani ya bati,
ile iliyobanduka rangi ukingoni,
akafunika kawa.
“Peleka. Mwambie hizi hazijaonja sukari.”

Sahani haikurudi tupu.
Siku moja ndimu tatu,
siku moja mchicha wa kwao Rabai,
siku moja maji matupu: masika yalimkuta uani,
akacheka hata akashika ukuta,
“Pokea, mwanangu, hii nayo ni riziki.”

Sasa pale ni ghorofa,
na ua wanalaza magari.
Mama yuko Kikowani, mwaka wa tisa.
Mama Mbeyu, nasikia, yuko Kaloleni kwa mwanawe,
macho yamepunguka.

Jana alasiri nilikaanga.
Mkono ukatenga saba bila kuniuliza.
Binti yangu akasema, “Hizi umezisahau.”

Sahani ninayo.
Sikumbuki ilikuwa yetu au yake.
Kesho nitauliza nauli ya Kaloleni.