Faili la Endapo

Kabati langu la chuma lina droo nne.
Ya juu imejaa Isamilo, jengo la ghorofa tano
tunalolipandisha juu ya mawe
yaliyobebana tangu hakuna aliyeyaita mawe.
Hayana bima, hayadondoki.
Tunaodondoka ni sisi.

Kila mkandarasi mdogo, kabla hajagusa toroli,
aniletee bima ya hatari zote za ujenzi,
bima ya dhima kwa jirani na mpita njia,
fidia ya wafanyakazi, kwa majina, si kwa makadirio.
Nasoma maandishi madogo kama anayechambua mchele.

Asubuhi nakuta usubi wa ziwani umekufa mezani,
naufuta kwa kiganja.
Mwaka jana niligonga muhuri juu ya mdudu mmoja;
yumo hadi leo, mbawa wazi, kwenye hati ya fundi umeme.
Ndiye pekee humu ofisini
aliyekufa akiwa na cheti halali.

Jumanne alikuja Lushinge wa majukwaa,
mwenye mirunda na mabomba ya kukodisha.
"Shemeji," akasema,
akaweka bahasha, na kando yake mfuko wa dagaa.
Ilikuwa nakala kivuli, ndivyo tunavyoiita,
nami nikainua kivuli dirishani.
Mwisho wa bima: mwezi wa nane.
Lakini nane ile ilikuwa na tumbo jipya.
Ilikuwa tatu, imefungwa mdomo kwa kalamu.

"Siku arobaini tu. Nikilipwa, nalipa."
"Una watu wangapi juu?"
"Tisa."
"Hapa wameandikwa wanne."
Akatazama dagaa. Nami nikatazama dagaa.
Huyu ndiye aliyeuza pikipiki yake
nikamalizia kozi ya ukarani.

Endapo: neno hilo ndilo linalonilipa mshahara.
Endapo ubao utateleza. Endapo nati itapungua moja.
Endapo upepo wa ziwa utakuja saa tisa, kama unavyokuja,
umkute Nkwabi, miaka kumi na tisa, ghorofa ya nne,
ameshika kikombe cha uji
kwa mkono uliopaswa kushika bomba.
Watu hudhani bima ni ya siku ya kuanguka.
Ni ya siku ya pili,
mama mtu amesimama mlangoni pangu
na viatu vya mwanawe kwenye mfuko wa rambo,
anauliza ahusike nani,
nami nina karatasi ya kumjibu
au nina pole.

Sikugonga muhuri.
Wakateremka wote tisa, wakapita dirishani kwangu.
Mmoja alitema mate.
Mwingine alisema jambo kwa Kisukuma,
akidhani mimi Mkerewe. Sitaliandika.
Siku tatu hawakulipwa. Siku tatu ni unga,
ni mkaa, ni kodi ya chumba Mabatini.
Hilo nalo nimelihifadhi, ingawa halina fomu.

Ijumaa Lushinge akarudi na cheti kinachonuka wino,
majina tisa, Nkwabi wa saba.
Dagaa hakuleta.
"Haya, mama mkaguzi," akasema.
Ushemeji ulikuwa umeisha muda.

Nikagonga. Jengo limefika ghorofa ya tano.
Hakuna aliyeanguka,
na hakuna anayeweza kunionyesha siku
ambayo karatasi ile ilifanya kazi.
Hata mimi sijaiona.
Ila saa tisa, upepo ukianza kupapasa mafaili,
naacha kalamu, nasogea dirishani,
nahesabu kofia juu ya majukwaa.
Sita. Saba. Nane.
Nangoja wa tisa atokee nyuma ya nguzo.