Boksi la Kuta Mbili

Kondakta wa basi la Tabora alinipigia saa kumi alfajiri:
"Mama Sikitu, mzigo wako unalia siki."
Chupa ishirini na nne za achari; zilifika tano.
Lile boksi nililiokota nyuma ya duka la biskuti,
nikalipendea picha yake.

Leo niko Gerezani, kwa Mkwizu.
Maboksi yamelazwa bapa hadi darini,
na gundi inanuka kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
"Kilo ngapi? Kioo au plastiki?
Litakaa juu, au litabebeshwa wenzake?"

Akachana pembe ya moja, akanionyesha ndani:
karatasi mbili zilizonyooka, na katikati
ya tatu, imejikunja kama bati la paa.
"Wimbi hili jembamba ni la viatu, la keki.
Hili nene linajua kuanguka.
Yakigandishwa pamoja, kuta mbili,
hapo weka kioo, ukalale."

Sikujua karatasi ina mgongo.
Sikujua wimbi likisimama wima hubeba,
likilazwa hujikunja kama mkeka;
wala kwamba mwezi wa nne, masika yakishika,
boksi lililo sakafuni hunywa unyevu usiku kucha,
asubuhi limesimama kwa adabu tu, si kwa nguvu.

"Bonyeza kwa dole gumba."
La bei rahisi likabaki na shimo, likanitazama.
La kuta mbili likanirudishia dole langu.

Bado nikabisha. Mia tisa zaidi kila moja,
mara maboksi arobaini!
Hiyo ni tuisheni ya Sikitu.
Mkwizu hakujibu. Alikunja moja, akaliziba kwa utepe,
tupu, akaliweka chini kati yetu.
"Panda. Miguu pembeni, si katikati."

Mbele ya wapagazi na muuza kahawa
nikavua kandambili, nikapanda:
kilo themanini na mbili,
na deni la sukari la wiki mbili.
Likaguna kidogo, kama mtu anayetwishwa ndoo,
likanyamaza.

Nikakaa pale juu kupita ilivyohitajika.
Mwaka mzima nabeba mimi.

"Mama, utashuka?" mpagazi akauliza,
mkokoteni wake umeziba njia.
Nikashuka, nikavaa kandambili.
"Fanya mia saba," nikamwambia Mkwizu,
"na utepe uniongezee."