Nipe bisibisi

Kasereka amewasha taa za buluu na zambarau,
mashine inameremeta Birere kama bibi harusi.
"Dola mia saba. Imeshaundwa, kazi yako ni kucheza tu."

Nikaomba bisibisi.
Akacheka. Nikaomba tena.

Ubavu ukafunguka: kadi ya picha, haki yake, nzuri.
Lakini kile kisanduku cha umeme
chepesi kama kopo lililokwisha maziwa,
hakina hata jina.
Kumbukumbu, kijiti kimoja; tundu la pili linapiga miayo.
Na kwenye feni, vumbi jeusi la Nyiragongo:
"mpya" hii imeshapumua hapa kwetu.

Nikahesabu kwa vidole: kadi, bati, jasho lake.
Mia nne na hamsini.

Umeme ukakatika.
Gizani tukalingana, mimi, yeye na mashine.
"Basi mia tano," akasema,
sauti haina rangi tena.